Fundi Akianguka kutoka Jukwaani

Mwezi huu tuzungumzie watu wanaofanya kazi juu. Mjini Musoma huenda umeona gari lenye mkono mrefu na kikapu, likimwinua fundi hadi kwenye nyaya au taa za barabarani. Kwingi Bunda na Butiama jukwaa bado ni mirunda iliyofungwa kwa kamba na misumari.

Kikapu kina hatari zake. Gari likisimama kwenye udongo laini huinama, na mwinamo mdogo chini huwa mkubwa kule juu, hata aliyemo akarushwa nje. Ndiyo maana mkanda wa usalama hufungwa kwenye kikapu chenyewe. Jukwaa la mirunda huangusha kwa sababu tunazozijua: mti ulioliwa na mchwa, kamba iliyolegea, ubao usiopigiliwa unaoinuka ukikanyagwa ncha. Na upepo wa ziwani ukimkuta mtu ameshika bati zima, bati hugeuka tanga.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi. Lakini tunapojenga kanisa la kigango kwa kujitolea, mwajiri ni nani? Kwa maoni yangu, kamati ya ujenzi. Ikague jukwaa kila asubuhi, na aliyekunywa asipande.

Linalonisumbua zaidi hutokea baada ya kuanguka. Wenzake, kwa huruma, humbeba kwa mikono na miguu, wakamkalisha kwenye pikipiki katikati ya wawili. Ndani ya uti wa mgongo mna kamba laini ya neva inayopeleka amri za ubongo hadi miguuni. Mfupa ukiwa umevunjika, kumkunja mara moja tu kunaweza kuikata kamba hiyo. Kijana ambaye angetembea tena akabaki kitandani, haja ndogo ikimtoka bila kujua, na mama yake akimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala.

Basi mwacheni alale. Mmoja apige magoti, ashike kichwa kwa mikono miwili kisitikisike. Akikoroma au kushindwa kupumua, sukuma taya lake mbele bila kukunja shingo, maana pumzi hutangulia mgongo. Damu ibanwe kwa kitambaa safi. Ng'oeni mlango, watu wanne mmgeuze kwa pamoja kama gogo, mtelezeshe mlango chini yake, kisha khanga zilizokunjwa ziwekwe pande zote mbili za kichwa. Tafuteni gari ambalo atalala, hata pikapu. Asipewe maji, chai wala gongo, kwani huenda akahitaji upasuaji.

Na yule anayeinuka akijipangusa vumbi, akasema hana kitu? Naye aangaliwe. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa, au maji au damu ikimtoka sikioni, aletwe hospitali usiku huo huo.