Ndege ya Vita Ambayo Haikupigana Vita



Ndege ikipita juu ya shamba lako, pengine huinua macho mara moja tu. Kisha unaendelea kulima. Lakini huko Uingereza iko ndege moja ya zamani ambayo ikipita, watu husimama. Baba huwanyanyua watoto mabegani ili waione. Wazee hunyamaza kimya.

Ndege hiyo inaitwa Lancaster. Ilitengenezwa mwaka 1945. Tarehe 5 Mei 2025 ilipita juu ya mji wa London, ikiwa na umri wa miaka 80. Siku hiyo Waingereza walikuwa wakikumbuka kwamba imetimia miaka 80 tangu Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha Ulaya.

Kwa nini ndege ya zamani namna hiyo bado inarushwa? Na sisi wa Afrika Mashariki inatuhusu nini? Soma polepole, utaona.

GWARIDE LA ANGANI

Wewe unajua gwaride la askari. Askari hupanga mistari, hupiga hatua pamoja na kutoa heshima mbele ya wageni. Gwaride la angani ni kama hilo, ila hufanywa na ndege. Ndege hupangwa kwa mafungu. Kila fungu hupita kwa saa yake, juu ya mahali ambapo watu wamekusanyika.

Katika gwaride la kukumbuka vita, ndege za sasa hupita pamoja na ndege za zamani. Ndege za sasa hupita kwa kasi na kwa kishindo. Ndege za zamani huenda polepole. Mngurumo wa injini zake ni mzito, na watu huusikia kabla ya kuiona ndege yenyewe.

Jeshi la anga la Uingereza lina kikosi maalumu cha kutunza ndege hizi. Kikosi hicho kilianzishwa mwaka 1957. Tangu mwaka 1976 makao yake ni Coningsby, katika jimbo la Lincolnshire. Kina ndege za Spitfire na Hurricane, ambazo zilipigana angani mwaka 1940 ili Wajerumani wasiivamie Uingereza. Na kina Lancaster moja.

LANCASTER NI NDEGE GANI?

Lancaster ni ndege kubwa iliyotengenezwa kwa kazi ya kuangusha mabomu usiku. Ina injini nne. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili ni meta 31. Ukitaka kujua urefu huo, tembea hatua 40 za mtu mzima, kisha geuka utazame ulikotoka.

Ndani yake walikaa watu saba. Rubani aliiendesha. Mwingine aliangalia injini. Mwingine alionyesha njia kwa ramani na hesabu. Mwingine alisikiliza redio. Mwingine alilenga mabomu. Wawili walishika bunduki, mmoja juu ya mgongo wa ndege na mmoja mkiani. Huyo wa mkiani alikaa peke yake katika baridi kali kwa saa nyingi.

Zilitengenezwa ndege za Lancaster 7,377. Leo ni mbili tu zinazoweza kuruka katika dunia nzima. Moja iko Uingereza. Ya pili iko Kanada, katika mji wa Hamilton. Mwaka 2014 ile ya Kanada ilivuka bahari ikaenda Uingereza, na ndege hizo mbili zikaruka pamoja.

VIJANA WALIOKUFA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Watu hawaendi kutazama bati na injini tu. Wanakumbuka watu.

Vijana wapatao 125,000 walifanya kazi katika ndege za mabomu za Uingereza wakati wa vita. Wote walijitolea wenyewe. Kati yao, 55,573 walikufa. Yaani, ukichukua vijana 100, 44 hawakurudi nyumbani. Wengi wao walikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo.

Hawakuwa Waingereza peke yao. Walitoka pia Kanada, Australia, New Zealand, Polandi na visiwa vya Karibi. Waafrika nao walikuwamo. Mmoja wao ni Johnny Smythe wa Sierra Leone. Kazi yake katika ndege ilikuwa kuonyesha njia. Mwaka 1943 ndege yake ilitunguliwa Ujerumani, akashikwa na kufungwa kama mateka. Alipona. Baadaye alisoma sheria, akawa Mwanasheria Mkuu wa Sierra Leone.

Tuchukue usiku mmoja tu. Usiku wa tarehe 16 Mei 1943, Lancaster 19 zilikwenda kubomoa mabwawa makubwa ya Ujerumani. Ndani yake walikuwamo watu 133. Mabwawa mawili yalibomoka. Lakini ndege nane hazikurudi, na watu 53 walikufa.

Tarehe 16 Mei 2013 ilitimia miaka 70 tangu usiku ule. Siku hiyo Lancaster ya Coningsby ilipita juu ya bwawa la Derwent, Uingereza. Hapo ndipo wale vijana walipofanya mazoezi kabla ya kwenda vitani.

NA WALE WALIOKUWA CHINI

Msomaji mwenye busara atauliza: "Na wale walioangushiwa mabomu, je?" Swali hilo ni la haki.

Mabwawa yale yalipobomoka, maji yaliwaua watu wapatao 1,300. Wengi wao hawakuwa Wajerumani. Walikuwa watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nchi nyingine ili wafanye kazi huko. Miezi miwili baadaye, mnamo Julai 1943, mji wa Hamburg ulipigwa kwa siku kadhaa. Moto uliunguza mitaa mizima. Walikufa zaidi ya watu 30,000, wakiwamo wanawake, wazee na watoto.

Serikali ya Wajerumani ya wakati ule, chini ya Hitler, ndiyo iliyoanza vita Ulaya. Iliua mamilioni ya watu. Ndege zake nazo zilipiga mabomu miji ya nchi nyingine. Lakini mtoto wa Hamburg hakuanza vita. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia.

Kwa sababu hiyo watu wa Uingereza wenyewe walibishana kwa miaka mingi juu ya mabomu yale. Nguzo kubwa ya kuwakumbuka wale vijana wa ndege ilichelewa sana kujengwa. Ilizinduliwa mjini London tarehe 28 Juni 2012, miaka 67 baada ya vita. Na maandishi yake hayawakumbuki wale vijana peke yao. Yanawakumbuka pia watu wa mataifa yote waliouawa kwa mabomu.

Siku hiyo ya uzinduzi Lancaster ilipita juu ya mkutano. Ilifungua tumbo lake, pale pale panapowekwa mabomu. Lakini mabomu hayakutoka. Yalitoka maua mekundu mengi sana, yakaanguka taratibu juu ya vichwa vya watu.

ILIFIKA AFRIKA

Je, unajua kwamba ndege hii tunayoisoma haikuangusha bomu hata moja vitani? Ilitengenezwa katikati ya mwaka 1945, ili iende kupigana na Japani. Kabla haijaenda, vita vikaisha.

Basi ikapewa kazi nyingine. Ililetwa Afrika Mashariki na Afrika ya Kusini kupiga picha za ardhi kutoka angani. Ilifanya kazi hiyo na kikosi namba 82 hadi mwaka 1952.

Kazi ya kupiga picha za ardhi hufanywa hivi. Kamera huwekwa ndani ya ndege, ikitazama chini. Ndege huenda kwa mstari ulionyooka, kisha hugeuka na kurudi kando ya mstari wa kwanza. Ni kama mkulima anayelima kwa jembe la ng'ombe. Akifika mwisho wa shamba, hugeuka na kurudi. Kila picha hulalia nyingine kidogo, kama bati za paa zinavyolaliana, ili pasibaki nafasi. Baadaye wataalamu huziunganisha picha hizo na kuchora ramani zenye mito, milima, njia na vijiji.

Wakati ule nchi zetu zilitawaliwa na Waingereza, na ramani zilichorwa kwa kazi ya serikali ya kikoloni. Wazee wetu hawakuulizwa. Lakini jambo hili ni la kweli: ndege ambayo leo inapita mbele ya maelfu ya watu London iliwahi kuruka katika anga ya Afrika Mashariki.

BILA MATUNZO HAKUNA KITU

Ndege nyingine za aina hii zilivunjwa zikawa vyuma chakavu. Hii iliponea chupuchupu. Baada ya Afrika ilitumika katika majaribio ya mabawa ya ndege. Kisha ikawekwa, ikingoja kupelekwa katika nyumba ya makumbusho. Mwaka 1965 ilihamishiwa kiwanja cha Waddington. Mafundi wa huko wakaanza kuitengeneza upya. Mwaka 1973 ikaingia katika kikosi cha ndege za kumbukumbu.

Tangu hapo hutunzwa kama yai. Wakati wa baridi hufunguliwa na kukaguliwa kipande kwa kipande. Katika majira ya baridi ya mwaka 1995 na 1996, mhimili mkuu wa mabawa uliondolewa ukawekwa mpya. Hairushwi penye upepo mkali wa ubavuni. Ikiwa hali ya hewa ni mbaya, watu huambiwa warudi nyumbani, hata kama wamesubiri tangu asubuhi.

Hata hivyo hatari haikosi. Tarehe 7 Mei 2015 injini moja ilishika moto angani. Rubani alitua salama. Lakini sherehe za kutimia miaka 70 tangu vita viishe Ulaya zilikuwa siku chache tu mbele. Ndege ikazikosa. Iliruka tena Oktoba mwaka huo.

Tarehe 25 Mei 2024 msiba ulikuwa mkubwa zaidi. Spitfire moja ya kikosi hicho ilianguka, na rubani wake akafariki. Ndege zote za kikosi zikasimamishwa. Tarehe 6 Juni 2024 ilikuwa siku ya kukumbuka miaka 80 tangu majeshi yaliposhuka Normandy, Ufaransa. Ndege za kikosi hicho hazikupita. Wakuu waliona kwamba uhai wa watu ni bora kuliko gwaride.

Kwa hiyo watu wengine huuliza: "Je, haifai sasa ndege hizi ziwekwe ndani, zitazamwe tu?" Wengine hujibu kwamba kitu kilichokaa ndani hutazamwa na wachache, bali kinachopita juu hutazamwa na wote. Wewe msomaji unaonaje? Jadilianeni darasani mwenu.

NA SISI, JE?

Vita vile vilifika kwetu pia. Maelfu ya vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, waliingia jeshi la Keya, yaani K.A.R. Walipigana Uhabeshi. Mwaka 1942 walipelekwa Madagaska. Baadaye wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani katika misitu yenye mvua na malaria. Wengine walijitolea, wengine walichukuliwa. Wengi hawakurudi.

Wale waliorudi karibu wote wamekwisha fariki. Lakini watoto wao na wajukuu wao wapo. Pengine katika kijiji chako kuna familia yenye nishani ya babu, au picha, au hadithi tu iliyobaki katika kichwa cha bibi. Hadithi isipoandikwa, huzikwa pamoja na mwenyewe.

Sisi vijijini hatuna ndege ya kuruka kwa kumbukumbu. Lakini wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Basi fanya hivi. Chukua daftari na kalamu. Mwendee mzee mmoja, mwamkie, umwombe akueleze. Muulize babu au baba yake aliitwa nani, alikwenda vita gani, alipita njia gani, alirudi mwaka gani, na kama hakurudi, nani alileta habari. Andika jina kamili la kila mtu. Msomee mzee ulichoandika, asahihishe. Kisha liweke daftari mahali pakavu, mbali na mchwa na panya, kwa maana karatasi nayo inataka matunzo kama ndege ile.