Maporomoko Yako Mlangoni Petu

Ndugu msikilizaji, juma lililopita jirani yangu hapa Morogoro alinionyesha kwa majivuno picha za maporomoko ya Victoria. Nikamwuliza, "Mzee mwenzangu, Sanje umefika?" Akacheka. Hajafika. Nami nakiri, nilifika huko nikiwa nimekwisha kutimiza miaka 40.

Maporomoko hayatafutwi kwa bahati. Chukua ramani ya mkoa wako, utazame mahali mito inapoacha mlima kwa ghafla na kuingia bondeni. Hapo ndipo maji huanguka. Mto Sanje hushuka hivyo kutoka milima ya Udzungwa, mita 170 hivi kwa ngazi tatu, ukielekea bonde la Kilombero. Hifadhi ya Taifa ya milima hiyo ilianzishwa mwaka 1992. Ukitoka Mikumi, shika barabara ya Ifakara hadi Mang'ula, lipa kiingilio, upewe mwongozaji. Vaa viatu visivyoteleza. Mvua ikinyesha, mawe hugeuka sabuni.

Lakini usingoje sana. Katika safu hiyo hiyo, maporomoko ya Kihansi yalipungua mno kuanzia mwaka 2000, maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Umeme tunauhitaji, sikatai. Ila vyura wadogo walioishi katika manyunyu yale walikosa unyevu, ugonjwa ukafuata, na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa wametoweka porini.

Jirani yangu ameahidi kwenda Sanje na wajukuu. Wewe je, mkoani kwako umefika wapi?