Kimbunga Kikipoteza Nguvu, Mvua Hubaki

Mazungumzo kuhusu habari za dunia, yawe ya kijiweni, ya kwenye daladala au ya katika makundi ya simu, huichukulia dhoruba kama yanavyouchukulia uchaguzi wa nchi ya mbali: hutajwa jina lake, hutajwa kasi yake, hulinganishwa na ile ya mwaka uliopita, kisha gumzo hugeukia jambo jingine. Picha za mapaa yaliyong'olewa Florida au Ufilipino hufika Kilwa na Mombasa kwa dakika chache, mara nyingine zikiwa picha za miaka mingi iliyopita, na mkazi wa pwani hubaki na imani kwamba hatari ya dhoruba hupimwa kwa upepo, na kwamba dhoruba isiyo na jina si ya kuogopwa. Imani hiyo ndiyo inayostahili kusahihishwa kwanza, kwa kuwa katika ukanda huu maji yameua watu wengi kuliko upepo, na sehemu kubwa ya maji hayo hufika wakati taarifa ya habari imekwisha kutangaza kwamba kimbunga kimepoteza nguvu.

Kimbunga cha kitropiki ni mfumo wa mawingu na upepo unaozunguka kitovu chenye mgandamizo mdogo wa hewa, na nguvu zake hutoka kwenye joto la bahari. Maji ya juu ya bahari yakifikia takriban nyuzi joto 26.5 au zaidi, mvuke mwingi hupanda, hugeuka mawingu na kuachia joto lake angani, na joto hilo huiinua hewa zaidi na kuivuta nyingine kutoka pembeni ili ijaze nafasi iliyoachwa. Hewa inayovutwa haiendi moja kwa moja kitovuni, kwa sababu mzunguko wa dunia huipindisha, na kusini mwa ikweta huizungusha kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Nguvu hiyo ya kupindisha hufifia karibu na ikweta, na ndani ya nyuzi tano hivi za latitudo huwa haba mno kuweza kujenga kimbunga. Ndiyo maana Mombasa, iliyo nyuzi nne kusini, haina historia ya kupigwa mara kwa mara, ilhali Lindi na Mtwara, zilizo karibu na nyuzi kumi, zimo ukingoni mwa njia ya vimbunga vinavyotoka upande wa Madagaska na Komoro.

Kuwa ukingoni si kuwa nje. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na Bagamoyo, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuharibu merikebu za Sultani Barghash, huku Pemba ikinusurika, na tangu hapo uzito wa kilimo cha karafuu ukahamia Pemba. Miaka 80 baadaye, tarehe ileile ya 15 Aprili, mwaka 1952, kimbunga kingine kiliingia nchi kavu Lindi. Kulingana kwa tarehe ni sadfa tu, lakini mwezi wenyewe una maana yake: Aprili ni kipindi ambacho kaskazi imekwisha na kusi inaanza kushika, bahari bado ina joto la kiangazi kilichopita, na masika imekwisha kuilowesha ardhi, kwa hiyo kimbunga cha wakati huo hunyesha juu ya udongo ulioshiba, mito iliyojaa na mitaro ambayo haina tena nafasi.

Majina na madaraja ya vimbunga, ambayo ndiyo huvutia zaidi vyombo vya habari, yana kanuni zake. Katika kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi ufuatiliaji huratibiwa na kituo cha kanda kilichoko kisiwa cha Réunion, chini ya idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, na mfumo hupewa jina unapofikia upepo wa kilomita 63 kwa saa, yaani ukiwa bado dhoruba ya kitropiki ya wastani. Huitwa kimbunga kamili ukifika kilomita 118 kwa saa. Kasi hiyo ni wastani wa upepo uliopimwa kwa dakika 10, ilhali Marekani hutumia wastani wa dakika moja, ambao kwa upepo uleule hutoa namba kubwa zaidi. Anayelinganisha tarakimu za kimbunga cha Msumbiji na za kile cha Florida bila kujua tofauti hii hulinganisha vipimo viwili tofauti, na mabishano mengi ya makundi ya simu kuhusu kipi kilikuwa kikali zaidi hayana msingi kwa sababu hiyo.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa kimbunga Hidaya, kilichofikia hadhi ya kimbunga kamili mwanzoni mwa Mei 2024 kikiwa mashariki mwa pwani ya Tanzania, mahali palipo karibu na ikweta kuliko ilivyozoeleka. Safari za vyombo vya majini kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa, na tarehe 4 Mei mfumo huo ukafika kisiwa cha Mafia ukiwa umepungua nguvu. Waliokuwa wakifuatilia upepo peke yake walipumua. Hata hivyo mawingu yaliyokuwa yamebebwa na kimbunga hicho hayakuyeyuka pamoja na upepo wake, na mvua iliyonyesha Lindi na Mtwara ikaikata barabara kuu inayounganisha Dar es Salaam na mikoa ya kusini katika eneo la Somanga wilayani Kilwa, hata magari ya abiria na ya mizigo yakakwama pande zote mbili. Maelezo ya kitaalamu ya jambo hili ni mepesi: kimbunga kikigusa nchi kavu hukatiwa joto la bahari, na msuguano wa ardhi huivunja mizunguko ya upepo katika muda wa saa chache, ila unyevu uliokwisha kuinuliwa angani sharti ushuke, na hushuka kwa siku kadhaa, mara nyingi mbali na mahali kimbunga kilipotua.

Yaliyotokea Beira, nchini Msumbiji, mwezi Machi 2019 yanathibitisha hayo kwa kiwango kikubwa zaidi. Upepo wa kimbunga Idai uliharibu mji, lakini mafuriko ya mito ya Buzi na Pungwe, yaliyotokana na mvua iliyonyesha bara katika siku zilizofuata, ndiyo yaliyogeuza mashamba kuwa ziwa na kuwafanya watu wakae juu ya mapaa na matawi ya miti wakingoja kuokolewa. Freddy, kilichodumu siku 36 mwaka 2023 na kutambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuwa kimbunga cha kitropiki kilichoishi muda mrefu kuliko vyote vilivyorekodiwa, kiliua watu wengi nchini Malawi, nchi isiyo na bahari, ambako miteremko ya Blantyre iliporomoka juu ya nyumba baada ya mvua ya miezi sita kunyesha kwa siku sita. Haki inataka upande wa pili utajwe pia: Mayotte mwezi Desemba 2024 iliangamizwa na upepo wa kimbunga Chido, kwa kuwa ukuta wa jicho, yaani duara la mawingu mazito linalokizunguka kitovu na kubeba upepo mkali kuliko wote, ulipita juu ya kisiwa chenye vibanda vingi vya bati vilivyojengwa milimani.

Yapo pia maafa yasiyo na jina lolote. Tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023, na maji yaliyokusanyika nyuma ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu nchini Kenya na kulipasua usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, hayakutokana na kimbunga chochote, na hakuna aliyekuwa akiyafuatilia kwenye ramani ya habari za dunia. Mtaa unaongoja mpaka usikie jina la kimbunga ndipo ujiandae utakuwa umechelewa mara nyingi kuliko utakavyowahi.

Kwa hiyo tahadhari ya hali ya hewa inastahili kusomwa kwa makini kuliko kichwa chake cha habari. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari kwa ngazi tatu, ambazo ni angalizo kwa rangi ya manjano, tahadhari kwa rangi ya chungwa na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu, na katika kila moja huandika mambo mawili ambayo wasomaji wengi huyaruka: kiwango cha uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari zinazoweza kutokea. Mambo hayo hayafanani. Tukio lenye uwezekano mdogo na athari kubwa linaweza kumtaka mtu ahame bondeni kwa usiku mmoja, wakati tukio lenye uwezekano mkubwa na athari ndogo huenda likamtaka aanue nguo tu. Ilipotokea mwezi Aprili 2021 kwamba kimbunga Jobo kilielekea pwani ya Tanzania kisha kikafifia kabla ya kufanya madhara yaliyohofiwa, wengi waliicheka tahadhari iliyotangulia. Lakini tahadhari hutaja uwezekano, wala haimwahidi mtu kwamba jambo litatokea, na anayeikataa ya pili kwa sababu ya kwanza haikutimia anakosea hesabu.

Zipo pia tarakimu zilizozoeleka hadi hazisikiki tena, kama ile ya upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2. Mtu wa nchi kavu huiona ndogo, kwa kuwa iko chini sana ya kasi ya kimbunga. Kwa mvuvi wa ngalawa au dau lenye tanga, bahari ya namna hiyo inatosha kukizamisha chombo, hasa mkondo wa maji ukikutana uso kwa uso na upepo.

Maandalizi ya nyumba huanza juu. Msukumo wa upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake, maana yake upepo wa kilomita 80 kwa saa husukuma mara nne ya ule wa kilomita 40, na juu ya paa upepo huo huvuta kwenda juu kuliko unavyokandamiza. Bati huanza kung'oka kwenye kingo na upenuni, ambako upepo huingia chini yake, na hasa kwenye paa la baraza lililounganishwa na la nyumba, kwa sababu la baraza likinyanyuka huondoka na jirani yake. Fundi anayetazama paa kabla ya masika hukagua misumari iliyolegea na kofia zake zilizokatika, huongeza misumari au skrubu kwenye safu za pembeni, na huhakikisha kwamba kenchi zimefungwa kwa nondo au mkanda wa chuma hadi kwenye linta, kwani kenchi iliyolazwa tu juu ya ukuta hushikiliwa na uzito wake peke yake. Desturi ya kuweka mawe na matairi juu ya bati haina faida inayodhaniwa: jiwe likirushwa na upepo huwa hatari kubwa kuliko bati lenyewe, na mfuko wa mchanga uliofungwa vizuri ni afadhali. Milango na madirisha ya upande unakotoka upepo yafungwe, kwa kuwa upepo ukiingia ndani huisukuma dari kutoka chini wakati ule wa nje ukiivuta kutoka juu.

Upande wa maji, hesabu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita 60 za mraba humwaga lita 3,000, zinazotosha kujaza matangi matatu ya lita 1,000, na mtaa wenye nyumba 100 za namna hiyo humwaga lita 300,000 kwenye mitaro yake kabla ya kuhesabu uwanja na barabara. Mtaro ulioziba kwa mifuko na chupa za plastiki hauwezi kuzibeba, na kuuzibua wiki moja kabla ya mvua ni kazi ya majembe machache, ilhali kuuzibua maji yakiwa magotini ni hatari tupu. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 30 yanaweza kulielesha gari dogo, jambo ambalo madereva wanaovuka madaraja yaliyofunikwa na maji hawalipi uzito wake.

Ndani ya nyumba, vyeti, hati na kadi za kliniki hutiwa kwenye mfuko wa nailoni na kuwekwa juu kabisa. Dawa za mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu huchukuliwa mapema kwa siku kadhaa za ziada, kwa sababu barabara ya kwenda zahanati ndiyo hukatika kwanza. Simu hujazwa chaji, na redio ya betri hupewa hadhi yake ya zamani, maana mnara wa simu usio na umeme hunyamaza betri zake zikiisha. Swichi kuu huzimwa kabla maji hayajafika kwenye soketi. Kununua umeme mwingi wa LUKU hakusaidii kitu nguzo zikianguka, na fedha hiyo ina kazi bora zaidi kwenye unga, mkaa mkavu na maji safi.

Hatari inayosahaulika kuliko zote huja baada ya jua kutoka. Mafuriko huvijaza vyoo vya shimo na kuvichanganya na visima vifupi, na ndivyo ilivyokuwa Beira, ambako kipindupindu kililipuka wiki chache baada ya Idai na chanjo ya matone ikalazimika kutolewa kwa wananchi kwa wingi. Waya ulioanguka huhesabiwa kuwa una umeme mpaka fundi wa shirika athibitishe vinginevyo, na ukuta wa tofali mbichi uliolowa unaweza kuanguka siku moja au mbili baada ya mvua kukatika. Kisima kilichofunikwa na mafuriko hakitoi maji ya kunywa hata yakionekana maangavu, kwa hiyo mpaka kitolewe maji yote, kisafishwe na kutiwa dawa, maji ya nyumbani huchemshwa hadi yatokote au hutiwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, yakiwemo yale ya kuoshea vyombo na matunda.