Mipini ya visu vya mfukoni

Kisu cha mfukoni (pia: *kisu cha kukunja*) ni kisu kidogo ambacho kengee yake, yaani bapa lenye makali, hukunjwa na kuingia ndani ya mpini. Kwa hiyo mpini wake si mahali pa kushikia tu, bali ni ala pia. Wakusanyaji wa visu vya zamani huutazama mpini kabla ya kitu kingine chochote. Kengee nyingi hufanana, lakini mpini hueleza kisu kilitengenezwa wapi, kwa ajili ya nani, na kilitunzwa namna gani.

Kisu cha kukunja ni chombo cha kale. Kimoja chenye mpini wa mfupa kilipatikana Hallstatt, Austria, na kinakadiriwa kuwa cha karne ya 6 KK. Waroma nao walikuwa navyo.

## Kisu cha Okapi

Kisu cha mfukoni kilichoenea zaidi kusini na mashariki mwa Afrika ni Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni ya nchi hiyo barani Afrika, na Tanganyika ilikuwa sehemu ya koloni mojawapo. Jina lake ni la mnyama wa misitu ya Ituri, Kongo ya mashariki, ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka uliotangulia tu, 1901. Bila shaka jina hilo lilikuwa habari mpya mjini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 visu hivyo vinatengenezwa Afrika Kusini.

Mpini wa Okapi ni wa mbao zilizotiwa rangi ya kahawia, na juu yake hupachikwa vipande vya chuma vyenye umbo la mwezi mchanga na nyota. Mgongoni kuna springi yenye meno na pete ndogo: kengee hulia ta-ta-ta inapofunguliwa, na pete huvutwa ili ifungwe. Ni kisu cha bei nafuu, na hiyo ndiyo sababu Okapi za zamani zilizo katika hali nzuri ni chache. Watu walizitumia kuchinjia kuku na kumenyea miwa mpaka zikaisha, nani angefikiri kuziweka kabatini?

Ufaransa ilifanya biashara ya aina hiyohiyo. Kisu cha Douk-Douk kilibuniwa mwaka 1929 mjini Thiers kwa ajili ya soko la visiwa vya Melanesia, lakini kikapendwa zaidi Algeria. Mpini wake ni bati la chuma lililokunjwa na kutiwa rangi nyeusi.

## Mbao

Katika Tanzania mti unaosifiwa kuliko yote kwa mipini ni mpingo (*Dalbergia melanoxylon*). Mbao zake ni nzito kiasi cha kuzama majini, zina mafuta ya asili, na hung'aa kwa kusuguliwa tu bila vanishi. Kiini ni cheusi, lakini sehemu ya nje ya shina ni ya rangi ya krimu. Fundi hodari huweza kuacha mstari mwembamba wa krimu ukingoni mwa mpini, na huo ni uthibitisho mzuri kuwa weusi si wa rangi ya kupaka. Tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Mninga ni mwepesi zaidi na wenye rangi ya kahawia nyekundu. Mawe laini ya Kisii, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, huchongeka vizuri na huwavutia wanaoanza, lakini kisu kikianguka mara moja mpini hupasuka.

## Mfupa, pembe na sheria

Mfupa wa mguu wa ng'ombe ni mgumu, unashika rangi, na umetumiwa na viwanda vya Sheffield na Solingen kwa miaka mingi. Pembe ya ng'ombe hulainika kwa joto na kunyooshwa. Katika nchi ya wafugaji kama Tarime, vitu hivi viwili hupatikana machinjioni bila shida.

Shida huanza pale ambapo mfupa au pembe si ya ng'ombe. Wilaya za Tarime na Serengeti zinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, pembe, jino, mfupa au ngozi ya mnyamapori ni nyara, hata ikiwa imechongwa kuwa kitu kingine. Anayekutwa nayo bila kibali anaweza kufungwa miaka mingi. Mkazi wa Nyamisangura anayeuziwa sokoni kisu chenye "mpini wa nyati" au "wa pembe ya ndovu" hawezi kujitetea kwamba alinunua kisu tu. Mara nyingi maneno hayo ni ya kupandisha bei, na mpini ni wa plastiki. Hata hivyo inafaa kujua tofauti:

* Mfupa una vitundu vidogo vyeusi, kama vumbi lililopenya ndani.
* Pembe ya ndovu haina vitundu hivyo. Pale ilipokatwa kwa upana, huonyesha mistari inayopishana kama wavu.
* Plastiki haina nyuzi wala vitundu, au ina mistari iliyonyooka mno.

Kupima kwa sindano ya moto si njia nzuri. Huharibu mpini, na selulodi, plastiki ya zamani, hushika moto upesi sana.

Mfano wa kusikitisha ni wa majambia ya Yemen, ambayo mipini yake iliyothaminiwa zaidi ilikuwa ya pembe ya kifaru. Biashara hiyo ilichangia kupungua kwa vifaru weusi wa Afrika kutoka takriban 65,000 mwaka 1970 hadi chini ya 2,500 katikati ya miaka ya 1990.

## Umaliziaji na utunzaji

Kabla ya karatasi za msasa kuuzwa madukani, mafundi walisugulia majani makavu ya mti uitwao msasa, na jina la karatasi limetoka huko. Baada ya kusugua, mpini wa mbao hupakwa mafuta au nta. Vanishi nene hupendeza dukani, lakini huchubuka, na mkono wenye jasho huteleza juu yake.

Mpini wa zamani haufai kung'arishwa upya. Weusi unaotokana na miaka ya kushikwa ni sehemu ya thamani yake, na anayeuondoa kwa msasa amekifanya kisu cha kale kuwa kipya kibovu. Kutu hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta. Pembe huwekwa mbali na jua, maana hukauka na kujikunja, na wadudu huitoboa. Visu vya selulodi huhifadhiwa peke yake: plastiki hiyo ikizeeka hutoa mvuke wenye asidi, na kengee za visu vilivyo jirani hupata kutu ndani ya sanduku lililofungwa vizuri.