Je, Wajua? Chumvi ya Mwili Ina Walinzi Wake

Kila siku figo zako huchuja takriban kilo 1.5 za chumvi, kisha hurudisha karibu yote kwenye damu! Chumvi ikipungua, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni ya aldosteroni, ambayo huongeza vijilango vya sodiamu kwenye seli zilizotanda ndani ya mirija ya figo. Ikizidi, damu huongezeka, kuta za moyo hutanuka, na moyo hutoa homoni yake inayoamuru chumvi itoke na mkojo. Aldosteroni hufika hata kwenye tezi za jasho, nazo hurudisha chumvi mwilini. Ndiyo maana jasho la aliyezoea joto huwa na chumvi kidogo. Zisaidie figo zako: chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai.