Lugha, Mitandao ya Kijamii na Siasa za Wanafunzi katika Meru na Embu

Nchiru, katika Meru, ni makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Hapo hapo ndipo kilipojengwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Ujirani huo unafaa kutazamwa. Katika baraza, neno la siasa ni la mtu aliyefikia rika lake. Katika mitandao ya kijamii, kijana husema bila kungoja zamu.

Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo uliandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, ingawa Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Vijana waliufafanua katika TikTok na X kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za kwao. Pendekezo la kuutoza mkate asilimia 16 ya kodi ya ongezeko la thamani likawa, kwa ufupi, kodi ya mkate. Rais naye akaitwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka. Kwa njia hiyo kifungu cha sheria kiligeuka mazungumzo ya bwenini na ya jikoni.

Juni 25, 2024, maandamano yalifika Embu na Meru kama yalivyofika Nairobi, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi mswada. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba simu ndiyo iliyozua manung'uniko. Ugumu wa maisha na karo vilikuwapo. Mtandao uliyapa manung'uniko hayo msamiati mmoja.

Lakini neno la mtandaoni halisahauliki kama la mdomoni. Desemba 2024, mwanafunzi mmoja alitekwa mjini Embu baada ya kusambaza picha ya kumkejeli Rais. Wakazi waliandamana kumdai, naye akarudi kwao Januari 2025. Tangu hapo, kila mwanafunzi anayeandika hujua kwamba msemo una gharama.

Wajibu wa idara za lugha ni dhahiri: kuukusanya msamiati huu kabla haujapotea, na kuhimiza miswada itolewe kwa Kiswahili mapema. Raia asiyeelezwa sheria kwa lugha yake hatakosa mfasiri. Atakosa tu hakika ya usahihi wa tafsiri.