Onyo la dhoruba lifike mwaloni kabla ya jua kutua

Katika mialo ya Mwanza, Ukerewe, Ukara, Kome na visiwa vingine vya ziwa letu, siku ya kazi ya mvuvi wa dagaa huanza wakati wananchi wengine wanaimaliza yao. Zikiingia siku za giza, ambapo mbalamwezi haionekani, mitumbwi husukumwa majini jioni, taa zikawashwa na dagaa wakaufuata mwanga mpaka wavuni. Kazi hiyo ndiyo inayoleta kitoweo katika nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa na mbali zaidi. Lakini saa ambazo mvuvi huyu anazihitaji ndizo saa ambazo Ziwa Victoria hupenda kufanya dhoruba zake. Tunapenda leo kulizungumza jambo hili, kwa kuwa tunaamini kwamba wengi katika wale wanaomezwa na maji usiku wangeweza kurudi nyumbani kwao.

Mara nyingi husemwa kwamba dhoruba ya ziwani huja ghafla na haina sababu. Kwa mtu aliyeko katikati ya maji, ndivyo inavyoonekana. Hata hivyo, ukweli ni kwamba ziwa lenyewe ndilo linaloizaa dhoruba hiyo, tena kwa utaratibu unaojulikana. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na zaidi kidogo ya nusu yake imo Tanzania. Liko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,134, na maji yake ni ya uvuguvugu mwaka mzima. Ziwa la ukubwa huo halingoji kuletewa hali ya hewa na nchi jirani. Hujitengenezea lake.

Mchana, jua hupasha joto nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya barani ikishapata joto hupanda juu, na ile ya ziwani huvuta kuja kujaza nafasi yake. Huo ndio upepo wa alasiri unaowapoza wakazi wa Mwanza, na ndio unaosaidia kujenga mawingu ya mvua katika nchi ya ndani. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa haraka, lakini maji hubaki na joto lake. Hapo upepo hutoka barani kuelekea ziwani, na kwa kuwa ziwa letu limezungukwa na nchi kavu pande zote, pepo hizo hukutana juu ya maji. Zikikutana hazina pa kwenda ila juu, nazo hupanda na unyevu mwingi walioupata ziwani. Mawingu makubwa ya radi hujengeka kuanzia usiku wa manane, na mengi huendelea kunyesha mpaka saa mbili au saa tatu asubuhi. Upepo wa jumla utokao mashariki huyasukuma kwenda magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Musoma, iliyo ng'ambo ya pili ya ziwa hilo hilo, haipati hata nusu ya kiasi hicho.

Mvua peke yake haimzamishi mtu. Hatari iko katika upepo utokao chini ya wingu. Mvua inaponyesha kwa nguvu huipoza hewa iliyo ndani ya wingu, na hewa hiyo nzito huanguka mpaka kwenye maji, kisha hutawanyika pande zote kwa kasi. Ziwa lililokuwa shwari huweza kuchafuka kwa muda mfupi sana, na mawimbi yake mafupi yaliyofuatana huujaza maji mtumbwi kabla wenyewe hawajakata nyavu. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mvuvi wa dagaa yuko kazini katika usiku wa giza, macho yake yakiwa kwenye mwanga wa taa yake, na mawingu hayaoni mpaka yawe juu ya kichwa chake. Ikiwa yeye hawezi kuiona dalili, hapana budi mwingine amwonee.

Jambo hilo linawezekana. Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Kijerumani, Hermann Flohn na Klaus Fraedrich, walichapisha maelezo ya mzunguko huu wa mchana na usiku katika Ziwa Victoria. Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake, wakitumia picha za setilaiti na hesabu za kompyuta, walionyesha kwamba nguvu ya mawingu ya radi yanayojengeka barani alasiri hutoa ishara ya ukali wa dhoruba za ziwani usiku unaofuata. Walionya pia kwamba, kadiri dunia inavyozidi kupata joto, mvua kubwa kupita kiasi zitaongezeka juu ya ziwa hili kwa kasi kuliko katika nchi kavu inayolizunguka. Kwa hiyo tunayo mambo mawili mkononi: hatari inayotazamiwa kukua, na ishara inayoonekana saa kadhaa kabla ya hatari yenyewe.

Si sisi peke yetu tunaoishi kando ya ziwa lenye tabia hii. Huko Marekani na Kanada yako Maziwa Makuu matano, na pwani zake huletewa theluji na maji yenyewe. Mwanzoni mwa majira ya baridi, hewa kali itokayo kaskazini hupita juu ya maji ambayo bado yana joto la kiangazi, huchukua unyevu, na kuumwaga ng'ambo kama theluji. Mwezi Novemba 2022, baadhi ya vitongoji vya mji wa Buffalo vilifunikwa na theluji ya kina cha karibu sentimita 200, huku maeneo yasiyokuwa mbali na hapo yakipata kidogo tu. Chanzo ni kile kile cha kwetu, yaani maji kuhifadhi joto wakati hewa iliyo jirani imekwisha kupoa. Tofauti ni kwamba wao husubiri majira ya baridi yafike, na sisi husubiri usiku tu.

Wenzetu hao waliwahi kupoteza watu wengi kama tunavyopoteza sisi. Katika karne ya 19 meli za Maziwa Makuu zilizama kila mwaka, na watu wakalichukulia jambo hilo kuwa majaliwa. Mwanasayansi mmoja wa mji wa Milwaukee, Increase Lapham, hakukubali. Mwaka 1869 alikusanya orodha ya meli zilizoharibika na watu waliokufa, akaipeleka kwa mbunge Halbert Paine. Tarehe 9 Februari 1870, Rais Ulysses Grant alitia saini sheria iliyoanzisha huduma ya taifa ya hali ya hewa, na tarehe 8 Novemba mwaka huo huo Lapham mwenyewe alitoa onyo la kwanza la dhoruba kwa maziwa hayo. Onyo lilisafiri kwa simu ya maandishi, na baada ya muda mfupi bandari zikaanza kupandisha bendera mchana na taa nyekundu usiku. Hatusemi kwamba ajali zilikwisha, kwani mwezi Novemba 1975 meli Edmund Fitzgerald, yenye urefu wa mita 222, ilizama katika Ziwa Superior na mabaharia wake wote 29. Tunalosema ni kwamba kazi ile ilianza kwa hesabu ya waliokufa, na ikakamilika pale onyo lilipomfikia nahodha gatini.

Kwa upande wetu, hatua zimechukuliwa na tunazipongeza. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri maalumu wa Ziwa Victoria. Mwanza ina rada ya hali ya hewa. Mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, uliziunganisha Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda katika kuandaa maonyo ya ziwa hili. Aidha, mpango wa pamoja wa nchi za Afrika Mashariki umeichagua Mwanza kuwa makao ya kituo cha kikanda cha kuratibu utafutaji na uokoaji.

Lakini rada haimfikii mvuvi, wala tarakimu za kasi ya upepo hazimwambii la kufanya. Kazi iliyobaki ni ile ya maili ya mwisho, kutoka ofisini mpaka mwaloni, na kazi hiyo haihitaji mitambo ya fedha nyingi. Tunatoa rai kwamba kila mwalo uwe na mlingoti wa bendera na taa, na kwamba kikundi cha usimamizi wa mwalo, yaani BMU, kiwe na mtu mmoja mwenye wajibu wa kupokea utabiri kwa simu na kupandisha ishara kabla ya saa kumi jioni, wakati nyavu bado ziko nchi kavu. Utabiri wenyewe utaje eneo na saa kwa lugha ya mvuvi: upande gani wa kisiwa, kuanzia saa ngapi, na mpaka lini.

Hapa tunapenda viongozi watuelewe vyema. Usiku mmoja wa kukaa nyumbani ni usiku wa kukosa ugali. Onyo likitolewa kwa ziwa zima, kumbe dhoruba imepiga kona moja tu, mvuvi aliyekaa nyumbani ataona amedanganywa, na siku ya pili hatasikia. Kwa hiyo usahihi wa onyo ni sehemu ya uokoaji, na ni haki ya wananchi kuambiwa kwa uwazi pale utabiri usipotimia.

Jambo la pili ni hesabu. Kila mtu anaukumbuka msiba wa MV Bukoba wa tarehe 21 Mei 1996, na makaburi ya Igoma yanatukumbusha. Kila mtu anaukumbuka msiba wa MV Nyerere wa tarehe 20 Septemba 2018, uliotokea karibu na gati la Bwisya huko Ukara na kuua watu 228. Misiba hiyo haikuletwa na dhoruba. Tunaitaja kwa sababu ilihesabiwa, ikaundiwa tume, ikaandikwa. Wanaokufa kwa dhoruba hufa wawili hapa na watatu pale, na habari zao huishia msibani. Makadirio ambayo Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likiyataja kwa ziwa zima, katika nchi zote tatu, ni vifo kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka. Pengo la watu 2,000 baina ya tarakimu hizo mbili ni ushahidi kwamba hatuhesabu. Wala haiwezekani kujua kama maonyo yanaokoa watu ikiwa hatujui ni wangapi waliokuwa wakifa.

Dawa yake ni daftari. Kila mwalo uandike mtumbwi ulioondoka, idadi ya waliomo, mahali walikokusudia kwenda, na saa waliyorudi. Daftari hilo litatoa hesabu, na litafanya jambo kubwa zaidi: asubuhi mtumbwi mmoja ukikosekana, msako utaanza saa hiyo hiyo, si baada ya siku tatu.

Tusisahau pia nani hufika kwanza penye ajali. Tarehe 6 Novemba 2022, saa tatu kasoro asubuhi, ndege ya abiria iliyokuwa ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa iliangukia ziwani. Ilikuwa na watu 43, na 24 kati yao walinusurika. Waliokuwa wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Ikiwa wavuvi ndio waokoaji wetu wa kwanza, basi wapewe mafunzo, kamba, maboya na mafuta ya injini kama waokoaji, wala wasingoje sifa baada ya tukio.

Kwa ndugu zetu wa visiwani tunalo neno moja. Jaketi la kujiokolea lililofungwa mwilini si dalili ya woga. Matajiri wenye mitumbwi, ambao wengi wao hulala nchi kavu vijana wao wakiwa majini, wana wajibu wa kununua jaketi kwa kila mtu kama wanavyonunua nyavu na taa. Na kijana asiyepewa asilazimishwe kuingia majini. Baraza la kijiji linao uwezo wa kusimamia hilo bila kungoja agizo kutoka mkoani.

Mwezi Juni 2025, daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa, na wasafiri wa njia ile hawaogopi tena mawimbi. Ukara, Irugwa na Goziba hazina daraja. Wakazi wake wataendelea kuvuka na kuvua juu ya maji, usiku na mchana. Wanachostahili kupata kwa serikali yao, na kwa kila mmoja wetu, ni kuambiwa mapema usiku wao utakuwaje, na kutafutwa wasiporudi.